Kutolingana kwa Msimbo

Kutolingana kwa msimbo ni aina ya fumbo la mantiki ambamo alama za "kubwa kuliko", "ndogo kuliko" na "sawa na" hufichwa nyuma ya alama nyingine zisizohusiana nazo, kama @, #, $, % na &. Mtahiniwa hupewa ufunguo wa alama hizo, kisha kauli mbili, tatu au zaidi, halafu mahitimisho anayopaswa kuyaamua: lipi linafuata bila shaka, na lipi halifuati. Fumbo halidai hesabu yoyote, wala hakuna thamani ya herufi inayotafutwa. Linalopimwa ni kama msomaji anaweza kufumbua, kupanga, na kujizuia kusema zaidi ya alichoambiwa.

Mafumbo haya yamestawi zaidi India, katika mitihani ya kuajiri maafisa wa benki. Afrika Mashariki yanafika kupitia vitabu vya mazoezi na mitihani ya mchujo ya waajiri.

## Asili

Alama ya usawa (=) ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati kutoka Wales. Alama za > na < zilitokea mwaka 1631 katika *Artis Analyticae Praxis*, kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichotolewa miaka kumi baada ya kifo chake. Mfaransa Pierre Bouguer alitumia alama za "kubwa au sawa" na "ndogo au sawa" mwaka 1734.

Mantiki ya mahusiano yenyewe ilijengwa katika karne ya 19 na Augustus De Morgan, aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806, na baadaye Mmarekani Charles Peirce. Walichunguza mahusiano yanayovuka: ikiwa A inazidi B, na B inazidi C, basi A inazidi C. Si kila uhusiano unavuka. Rafiki wa rafiki yangu si lazima awe rafiki yangu, lakini mrefu kuliko aliye mrefu kuliko mimi hakika ananizidi.

Cyril Burt alilitia wazo hilo katika mtihani wa watoto wa shule za Uingereza mwaka 1919, kwa swali kuhusu wasichana watatu na rangi ya nywele zao. Katika miaka ya 1960 wanasaikolojia wa Marekani waligombana kuhusu jinsi akili inavyolitatua: kwa kuchora picha ya mstari kichwani, au kwa kushughulikia maneno yenyewe. Mwaka 1971 Peter Bryant na Tom Trabasso walionyesha kwamba hata watoto wa miaka minne wanaweza kuunganisha mahusiano ya namna hii, mradi wakumbuke kauli walizopewa. Matokeo hayo ni muhimu kwa kila mwalimu, kwa kuwa anayeshindwa mara nyingi amepoteza kauli njiani, wala hakukosa akili.

Msimbo uliongezwa baadaye. Nchini India, IBPS, taasisi ya Mumbai ya kuteua watumishi wa benki, iliyopata kujitegemea mwaka 1984 na kuanza kuendesha mtihani wa pamoja wa benki za umma mwaka 2011, ndiyo iliyoufanya ujulikane kwa mamilioni ya vijana.

## Ufunguo

Ufunguo hubadilika kutoka mtihani hadi mtihani, na mara nyingi hata kutoka swali hadi swali. Huu ni wa kawaida, nao ndio unaotumika katika makala hii:

- A @ B: A si ndogo kuliko B (≥)
- A # B: A si kubwa kuliko B (≤)
- A $ B: A si kubwa wala si ndogo kuliko B (=)
- A % B: A si ndogo kuliko B wala si sawa nayo (>)
- A & B: A si kubwa kuliko B wala si sawa nayo (<)

Ufunguo umeandikwa kwa kukanusha, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mahusiano kati ya vitu viwili ni matatu tu: kubwa, ndogo, sawa. Kukanusha moja huacha mawili. Kukanusha mawili huacha moja. Anayeishika kanuni hii hana haja ya kukariri ufunguo wowote.

## Namna ya kutatua

Kufumbua. Andika upya kila kauli kwa alama za kawaida kabla ya kusoma mahitimisho. Anayejaribu kufikiri kwa @ na % moja kwa moja hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Kugeuza. Pindua kauli inapohitajika, ili herufi inayojirudia ikae katikati. K < N ni sawa na N > K.

Kuunganisha. Panga kauli zote katika mnyororo mmoja. Mfano wa kwanza:

Kauli: M @ N; K & N; K $ T.
Zikifumbuliwa: M ≥ N; K < N; K = T.
Mnyororo: M ≥ N > K = T.

Mahitimisho:
I. M % T (M > T). Linafuata.
II. T & N (T < N). Linafuata.
III. M $ N (M = N). Halifuati, kwa sababu M yaweza kuwa kubwa kuliko N.

Kupima nguvu ya mnyororo. Mnyororo ukielekea upande mmoja, alama kali hushinda. Ikiwepo > hata moja, ncha mbili huhusiana kwa >. Zikiwepo ≥ bila >, ncha huhusiana kwa ≥. Zikiwa = tupu, ncha ni sawa.

Kutambua mnyororo uliokatika. Mfano wa pili:

Kauli: R % S; T % S.
Mnyororo: R > S < T.

Hapa alama zimegeuziana, na hakuna linaloweza kusemwa kuhusu R na T. Uthibitisho ni wa haraka: R ikiwa 5, S ikiwa 2 na T ikiwa 7, kauli zote ni kweli; R na T zikibadilishana namba, kauli bado ni kweli. Hitimisho linaloweza kuvunjwa na mfano mmoja halifuati.

Kuhesabu kila mpangilio hakufai. Herufi tatu, sare zikiruhusiwa, zina mipangilio 13. Nne zina 75. Tano zina 541.

### Ama moja, ama jingine

Jibu linalowaangusha wengi ni lile lisemalo kwamba ama hitimisho la I au la II linafuata. Hufaa pale masharti matatu yanapotimia: mahitimisho yote mawili yahusu herufi zilezile mbili, hakuna hata moja linalofuata likiwa peke yake, na yote mawili kwa pamoja yameziba kila nafasi iliyobaki.

Kwa kauli R @ S, mahitimisho R % S na R $ S yanatimiza masharti, maana ≥ haina kingine ndani yake isipokuwa > na =. Kwa mfano wa pili hapo juu, R % T na R # T yanatimiza pia. Lakini R % T na T % R hayatoshi: R na T zote zikiwa 5, yote mawili ni uongo. Nafasi ya sare imeachwa wazi.

### Suala lenye utata

Ikiwa kauli inasema N > K, je, N ≥ K inafuata? Kwa mantiki, ndiyo. Baadhi ya vitabu vya mazoezi hukataa, vikidai alama iliyo kamili tu. Mtahiniwa asome maelekezo ya mtihani wake.

## Lugha ya fumbo

Mwaka 1969 Herbert Clark alionyesha kwamba maswali ya kulinganisha yaliyoandikwa kwa kukanusha huchukua muda zaidi na huleta makosa zaidi. Mtahiniwa wa Kenya hukutana nayo kwa Kiingereza.

Kiswahili kina vitenzi vinavyoubeba uhusiano huu kwa neno moja. "Isiyopungua" ni ≥, na "isiyozidi" ni ≤. Matangazo ya kazi Tanzania husema mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, na hakuna msomaji anayejiuliza kama mwenye miaka 45 kamili amekubaliwa. Sheria husema faini isiyopungua kiasi fulani, na mshtakiwa anaelewa. "Kuzidi" ni >, "kupungua" ni <, "kulingana" ni =. Kwa hiyo ufunguo wote wa hapo juu waweza kuandikwa pembeni ya karatasi kwa maneno matano: isiyopungua, isiyozidi, hulingana, huzidi, hupungua. Hii ni njia bora kwa anayefikiri kwa Kiswahili, nayo inastahili kufundishwa wazi.

## Busia na Malaba

Lugha na ulinganishaji hukutana waziwazi katika Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya. Inapakana na Uganda na ina vituo viwili vikubwa vya mpaka: Busia na Malaba. Wakazi wake ni Waluhya (Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na Wanyala), Wateso na Wajaluo. Kwa watoto wengi wa hapa, lugha ya kwanza ni ya nyumbani, ya pili ni Kiswahili, na Kiingereza ni ya tatu.

Kulinganisha ni kazi ya kila siku mpakani. Boda boda, usafiri uliopata jina lake kwa kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, ulianzia hapa kwa baiskeli. Wabadilishaji fedha husimama barabarani wakiwa na shilingi za nchi mbili, na shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda. Mtoto anayetumwa dukani anajua kwamba noti ya 1,000 ya Uganda haifikii noti ya 100 ya Kenya, ingawa namba yake ni kubwa mara kumi. Amefumbua kwanza, akalinganisha baadaye. Huo ndio utaratibu wa kutolingana kwa msimbo. Kule Malaba, utingo anayejua kuwa lori la Kigali liko mbele ya la Juba, na la Juba mbele ya la Kampala, hahitaji kutembea hadi mwanzo wa foleni ili ajue la Kigali litavuka kabla ya la Kampala.

Eneo hili pia ni miongoni mwa maeneo ya Afrika ambayo elimu yake imepimwa kwa kina. Kuanzia mwaka 1996, shirika la Kiholanzi la ICS liligawa vitabu vya kiada katika shule 25 za kwanza kati ya 100 zilizochaguliwa katika wilaya za wakati huo za Busia na Teso. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waligundua kwamba vitabu havikuinua wastani wa alama. Viliwafaa wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Maelezo yao yalikuwa ya lugha na mtaala: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hawakuweza kuvisoma vizuri.

Mwaka 1998 ulianza mradi wa dawa za minyoo katika shule 75 za Funyula na Budalang'i, upande wa Ziwa Victoria, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Edward Miguel na Kremer waliripoti mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, ila alama za mitihani hazikupanda. Watafiti hao pia waliwapa wanafunzi majaribio ya akili mwaka 2000: matriki za Raven (kukamilisha mifumo ya picha), kukumbuka mfuatano wa tarakimu, kutafuta picha, na jaribio la mantiki la kutoa hitimisho kutoka kauli mbili. Hili la mwisho ni ndugu wa karibu wa fumbo linaloelezwa hapa. Dawa hazikuonyesha athari katika majaribio hayo pia.

Mwaka 2001 ulianza ufadhili wa wasichana wa darasa la sita. Asilimia 15 waliofanya vizuri zaidi katika shule za mradi walilipiwa shilingi 500 za karo kwa mwaka, na familia zao zikapata shilingi 1,000 za mahitaji ya shule, kwa miaka miwili. Busia alama zilipanda, walimu walihudhuria zaidi, na hata wavulana, wasioweza kupata tuzo, walinufaika. Teso matokeo hayakuwa wazi hivyo. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Matokeo ya vitabu yanatia shaka dhana kwamba alama ya chini ni ushahidi wa akili ya chini. Mtoto aliyepewa kitabu cha lugha asiyoimudu hakupata ufunguo, na mtahiniwa anayeangushwa na ukanushaji wa Kiingereza yuko katika hali ileile.

## Makosa ya kawaida

- Kusoma "si ndogo kuliko" kama "kubwa kuliko", na kusahau sare.
- Kutumia ufunguo wa swali lililopita.
- Kuunganisha juu ya mnyororo uliokatika.
- Kuchagua "ama I au II" bila kukagua sare.

## Umuhimu wa sasa

Waajiri wakubwa Kenya hutumia mitihani ya uwezo wa kufikiri kuchuja waombaji, na Tume ya Utumishi wa Umma ya Uganda imekuwa ikifanya hivyo pia.