Rangi ya Unga, Rimu za Land Rover na Nati Tatu Zilizolegea

Leo naomba tuweke kompyuta kando kidogo, tuzungumze kuhusu teknolojia nyingine ambayo wengi wetu tunaiona kila siku bila kuijua. Msiwe na wasiwasi, mbele ya safari mtaona ni kwa nini mwandishi wa programu ameamua kuandika habari za rangi.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikiteremka kwenda Magadi na Land Rover yangu ya zamani. Nyuma walikaa binti yangu na binamu yake, wakibishana nani ataliona ziwa kwanza. Tulipoipita Kona Baridi nikasikia gurudumu la mbele kushoto likigonga: ko, ko, ko. Nikajiambia ni jiwe limenasa kwenye tairi. Mlio ukaongezeka. Kabla ya kufika Olorgesailie nikaegesha kando, nikainama nikashika nati. Tatu kati ya tano nilizizungusha kwa vidole tu! Mteremko ule wanaoujua wanaujua. Sitaki kufikiria yale ambayo yangetokea kama ningeendelea kilomita kumi nyingine.

Nilizikaza, tukageuka, tukarudi polepole hadi Kiserian. Huko nikampata fundi mmoja mzee. Alilifungua gurudumu, akakwaruza kwa ukucha pale rimu inapokutana na gari, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, nani alikwambia upake rangi hapa?"

"Ni mimi mzee. Niliwaambia wapake kila mahali."

"Basi gari lako limelalia rangi, halijalalia chuma."

Wiki tatu kabla ya safari hiyo nilikuwa nimezipeleka rimu zote tano zipakwe rangi ya unga. Zilirudi nyeusi, zinang'aa, kila jirani akasifu. Niliporudi nyumbani jioni ile nilikaa chini kusoma ili nielewe nilichokuwa nimekinunua. Haya ndiyo niliyoyapata.

UNGA UNAOCHEMKA KAMA MAJI

Rangi ya kawaida ina vitu vitatu vikubwa: rangi yenyewe, gundi ya kuishikilia, na kimiminika cha kuiyeyusha ili iweze kupakwa. Kile kimiminika kazi yake ni ya muda mfupi. Ukishapaka, kinaruka hewani, na ndicho kinachokuuma pua na kichwa. Wazo la rangi ya unga ni kukiondoa kabisa: chukua gundi ngumu na rangi, visage pamoja viwe unga laini, uupeleke kwenye chuma, kisha uuyeyushe kwa moto.

Mtu anayetajwa sana katika historia hii ni Mjerumani Erwin Gemmer wa kampuni ya Knapsack-Griesheim. Baada ya miaka kadhaa ya majaribio, mwaka 1953 aliomba hataza ya njia yake. Alitumia sanduku lenye sakafu yenye vitundu vidogo mno, akaingiza hewa kutoka chini. Unga uliomo ndani ukafura na kuanza kutokota kama uji, hata ukitia mkono hauhisi uzito. Kipande cha chuma kilichopashwa moto kilichovywa humo, unga ukakigusa na kuyeyuka papo hapo.

Mwaka huohuo wa 1953, huku kwetu magari yalikuwa yakipambana na vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika katika mashindano ya kwanza ya Safari, yaliyoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Land Rover yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, kwani ilizinduliwa mwaka 1948. Hakuna aliyefikiri mambo haya mawili yangekutana kwenye rimu moja.

Na kwa wakati ule yasingeweza kukutana. Njia ya Gemmer iliweka tabaka nene sana, na plastiki zilizotumika zilikuwa za aina inayoyeyuka tena ikipata joto, kama vile Kimbo kwenye sufuria. Zilifaa kwa mabomba na vikapu vya waya. Mojawapo ya plastiki hizo, nailoni 11, hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika, mmea unaojiotea hata kando ya barabara zetu.

UMEME UNAINGIA

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1960 kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni unga usiorudi nyuma. Wataalamu wa Ulaya walitengeneza unga wa epoksi ambao ukipata joto huyeyuka, hutandaa, kisha molekuli zake hushikana zikawa wavu mmoja. Huu si Kimbo tena, huu ni chapati. Chapati ikishaiva, hata uipashe moto mara mia haiwi unga tena. Ndiyo sababu rangi ya rimu iliyopakwa vizuri haiyeyuki tena kwa joto la breki.

Hatua ya pili ni bunduki ya umeme. Kupaka rangi ya maji kwa nguvu ya umeme kulikuwa kumeshaanza Marekani. Sasa unga nao ukapitishwa kwenye ncha yenye makumi ya maelfu ya volti, lakini mkondo mdogo mno. Kila chembe inapata chaji. Rimu inaning'inizwa kwenye ndoano iliyounganishwa na ardhi, na chembe zinaikimbilia zenyewe, hata zile zilizopita pembeni huzunguka nyuma. Kisha rimu inaingizwa katika tanuri la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Chuma chenyewe kikishafika joto hilo, kinakaa humo dakika 10 hadi 20. Unga uliodondoka chini hukusanywa na kutumika tena.

Tabaka linalopatikana ni la mikromita 60 hadi 80 hivi. Iwekeni namba hiyo akilini, tutairudia.

Mbona viwanda vilihama kutoka rangi ya kawaida? Sheria na bei. Los Angeles ilipitisha kanuni dhidi ya mivuke ya rangi mwaka 1966, Marekani nzima ikapata sheria ya hewa safi mwaka 1970, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla, na vimiminika vile vya kuyeyushia rangi vinatokana na mafuta. Unga usio na kimiminika ukawa jibu la maswali yote mawili.

Epoksi hata hivyo ilikuwa na adui mmoja: jua. Ikikaa nje hupauka na kutoa unga mweupe kama chokaa. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tunajua jua letu halina mzaha. Katika miaka ya 1970 zikaja poda za poliesta zinazovumilia jua, na hapo ndipo rangi ya unga ilipotoka ndani ya nyumba na kuingia kwenye madirisha, baiskeli, pikipiki na rimu. Mpaka leo mpangilio mzuri wa rimu ni epoksi chini kwa ajili ya kuzuia kutu, na poliesta juu kwa ajili ya jua.

JE, INADUMU?

Hapa ndipo matangazo na ukweli hutengana. Maabara hupima kutu kwa kunyunyizia ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 katika joto la nyuzi 35, kipimo ambacho Wamarekani walikichapisha kama kiwango mwaka 1939. Rangi ya unga hufaulu vizuri sana. Lakini ukungu wa chumvi si barabara ya Magadi! Ndiyo maana watengenezaji wa magari wana kipimo kingine cha kurusha kokoto kwa hewa ya shinikizo.

Kwa rimu inayopita njia mbovu, haya ndiyo maadui halisi:

1. Kilicho chini ya rangi. Wengi hulaumu rangi, kumbe kosa liko kwenye maandalizi. Mwaka 1906 Mwingereza Thomas Watts Coslett aliomba hataza ya kuogesha chuma kwa fosfati ili kutu isitambae na rangi ishike. Zaidi ya karne moja baadaye kanuni ni ileile: ondoa rangi ya zamani, pulizia mchanga, osha mafuta, weka fosfati, ndipo upake. Ukiruka hatua moja hutaona tofauti siku ya kwanza. Utaiona mwaka wa pili.

2. Kona za ndani. Tangu mwaka 1836 Michael Faraday alionyesha kuwa umeme haupendi kuingia ndani ya kizimba cha chuma. Kwa hiyo unga nao husita kuingia kwenye mikunjo ya rimu. Nje inang'aa, ndani kuna tabaka jembamba, na matope hupenda kukaa papo hapo.

3. Kingo kali. Unga ukiyeyuka hujivuta kutoka kwenye ncha, na ndiyo sehemu ya kwanza kugongwa na jiwe.

4. Jeraha lisilotibiwa. Jiwe likitoboa hadi kwenye chuma, maji huingia na kutambaa chini ya rangi. Kwenye rimu za aluminiamu utaona nyuzinyuzi kama njia za minyoo. Na rangi hii haizibiki vizuri kwa brashi. Mara nyingi dawa ni kuivua yote na kuanza upya.

5. Magadi yenyewe. Vumbi la magadi likilowa huwa na ukali unaokula aluminiamu iliyo wazi, na huidhoofisha poliesta polepole. Ukitoka huko osha rimu siku hiyohiyo. Pwani nako, osha vilevile kwa sababu ya chumvi.

Kwa wenye rimu za aluminiamu kuna neno la nyongeza. Nguvu ya rimu hizo inatokana na namna zilivyopashwa joto kiwandani. Tanuri lisilo na kipimo, au kuzichoma mara kwa mara, huweza kuzilegeza bila macho kuona chochote.

TUREJEE KWENYE NATI ZANGU

Mikromita 80 ni kitu gani? Ni unene wa unywele. Lakini diski ya rimu ina pande mbili, hivyo ni mikromita 160. Sasa fikirieni boliti ya gurudumu. Unapoikaza, inavutika kama springi, na mvutiko huo ndio unaolibana gurudumu. Mara nyingi hauzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani mikromita 100. Mnaona hesabu ilivyo? Rangi iliyobanwa katikati ni nene kuliko mvutiko wote wa boliti. Plastiki chini ya mgandamizo na joto hujisogeza kidogo kidogo, na kila ikisogea springi inalegea. Mimi nilikuwa nimekaza nati kwa kipimo sahihi kabisa, lakini juu ya kitu kinachokimbia.

Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi huziba kwa utepe au vifuniko vya kuvumilia moto sehemu mbili: uso unaogusa gari na viti vya nati. Sehemu hizo hubaki chuma kitupu, au tabaka jembamba sana. Wale walionipakia hawakunishauri, ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyesema "kila mahali". Katika kazi yangu nimewacheka wateja wengi wanaoniagiza kitu kwa neno moja kisha wanalia nikiwapa walichoomba. Safari hii mteja alikuwa mimi.

Kwa hiyo ukienda kupaka rimu, uliza: mtapulizia mchanga? Mtaweka fosfati na epoksi ya chini? Mtaziba uso wa kati na viti vya nati? Tanuri lina kipimo cha joto? Na kabla hazijapakwa, zikague uchi kwa tochi. Ufa uliofunikwa kwa rangi nzuri bado ni ufa. Ukishafunga magurudumu, tembea kama kilomita 50, kisha usimame uzikaze nati upya.

Fundi mzee alikwangua rangi kwenye rimu zote tano kwa muda wa saa moja na nusu, tukafunga upya. Jumamosi iliyofuata tulikwenda Magadi tena. Nilisimama mara mbili kukagua nati, na mara zote mbili binti yangu alishuka akashika spana pamoja nami. Ziwa aliliona kwanza binamu yake.

Kama nawe umewahi kupaka rimu zako, tuelezee zimedumu miaka mingapi na katika barabara gani. Mpaka tukutane tena, kaza nati!