Kaa wa Mtoni: Kuzaa Mbali na Bahari

Kutoka Mbale hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 700, lakini kaa wapo. Potamonautes loveni hujificha chini ya mawe ya vijito vya baridi vya Mlima Elgon. Potamonautes niloticus huishi Jinja, ziwani na katika mto Nile.

MAYAI MACHACHE, MAKUBWA
Mabuu ya kaa wa baharini huelea na mkondo kwa wiki kadhaa. Mlimani, mabuu hayo yangesombwa na maji. Kwa hiyo kaa wa mtoni hutaga mayai machache yenye kiini kingi. Jike huyabeba chini ya mkia uliokunjwa tumboni, na hutoka watoto waliokamilika, miguu na magando yote.

ABIRIA WA GAMBANI
Mwaka 1950 watafiti nchini Kenya walieleza kuwa mabuu ya Simulium neavei, inzi mweusi anayeeneza upofu wa mtoni, hukua yakiwa yamenata kwenye kaa. Elgon nako ilikuwa hivyo. Wakati wa kumtokomeza inzi huyo, wataalamu walinasa kaa na kukagua magamba yao. Inzi wa Jinja, Simulium damnosum, hakuhitaji kaa: alizaliana kwenye maporomoko.

TAZAMA
Mgeuze kaa. Mkia mpana ni jike. Mwembamba, wa pembetatu, ni dume.