Sauti ya Piano Iliyonaswa Nyumbani

Mwezi Desemba 1889, mjini Vienna, Theo Wangemann, aliyekuwa msaidizi wa Thomas Edison, alipeleka fonografu nyumbani kwa familia ya Fellinger ili anase muziki wa Johannes Brahms. Mtunzi huyo aliketi mbele ya piano, akapiga sehemu ya Dansi ya Kihungari ya kwanza, na sindano ikachora mitetemo ya sauti juu ya silinda ya nta. Brahms alifariki mwaka 1897. Silinda ile ndiyo pekee inayobeba mapigo ya mikono yake, nayo imejaa mikwaruzo hata msikilizaji huisikia piano kama ngoma ya kijiji cha mbali usiku wa mvua. Hasara hiyo haifidiki.

Hata hivyo hatuwezi kumlaumu fundi. Piano ni ala ngumu kunaswa. Ina vibonye 88. Wa chini kabisa hutetemesha uzi kama mara 27 kwa nukta moja, na wa juu kabisa zaidi ya mara 4,000. Kinyundo hupiga kwa ghafula, kisha mlio hufifia polepole. Basi mshindo wa kwanza huzidi nguvu za chombo, na mkia wa sauti humezwa na mikwaruzo. Zama zile sauti haikunaswa kwa umeme. Nguvu ya hewa iliyoingia katika pembe ndiyo iliyoisukuma sindano. Kwa hiyo mafundi walivua mbao za nyuma za piano, wakamtaka mpigaji agonge kwa nguvu hata pale mtunzi alipotaka upole.

Mwaka 1925 maikrofoni iliibadili hali hiyo. Mwezi Machi mwaka huo Alfred Cortot alipiga piano huko Camden, Marekani, na santuri zake zikawa miongoni mwa za kwanza kunaswa kwa umeme. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwa ajili ya santuri za His Master's Voice, njia hiyo ilikuwa imekwisha kuenea. Kisha ukaja utepe wa sumaku, ulioonyeshwa Berlin mwaka 1935, na baada ya vita kinasa sauti kikaingia majumbani.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba chumba nacho ni sehemu ya ala. Sisi wenyewe tulipata kumnasa mwalimu mmoja mzee aliyepiga piano ya wima iliyobanwa ukutani, katika chumba chenye sakafu ya saruji tupu. Tuliiweka maikrofoni juu ya piano yenyewe, kwa kudhani kuwa ukaribu ndio usafi. Tukapata mshindo wa vinyundo, mlio wa kanyagio lisilotiwa mafuta, na mwangwi mkali uliorudi kutoka kuta mbili zinazotazamana.

Safari ya pili tuliisogeza piano hatua moja kutoka ukutani, kwa kuwa ubao mpana ulio nyuma ya nyuzi ndio unaotoa sehemu kubwa ya sauti. Tukatandika mkeka na mablanketi, tukatundika kanga nzito penye ukuta ulio wazi, lakini hatukuufunika wote: chumba kilichozibwa mno huiua sauti. Friji ilizimwa. Fundi alikuwa ameziweka sawa nyuzi siku ile ile, maana hakuna maikrofoni inayoponya uzi uliolegea. Kisha mmoja wetu alizunguka chumbani, sikio moja likiwa limezibwa kwa kidole, mpaka akapata mahali ambapo sauti za chini na za juu zililingana. Palikuwa nyuma ya piano, yapata mita moja, pembeni kidogo. Maikrofoni ikawekwa hapo hapo.

Mwalimu alipiga nyimbo tatu. Ya nne aliikatiza katikati, akisema vidole vimechoka, akaomba asikilizishwe zile za mwanzo. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akatuuliza kama utepe ungali na nafasi.