Kinanda cha Mji Mzima

Ukitaja kinanda cha mabomba, wengi huwaza kanisa. Hata hivyo chombo hiki kilishangiliwa na umati karne nyingi kabla ya kukaribishwa ibadani, tena kilizaliwa Afrika. Huko Aleksandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, fundi Ktesibios alisukuma hewa kwa pampu hadi ndani ya chungu cha shaba kilichozamishwa majini. Uzito wa maji ukaituliza pumzi ile, na mabomba yakaimba bila kuyumba.

Mwaka 90 kabla ya Kristo, mpigaji aitwaye Antipatros alipiga kinanda hicho siku mbili huko Delphi, Ugiriki, na sifa zake zikachongwa kwenye jiwe. Kwangu mimi, tamasha la kinanda linaanza hapo. Warumi nao wakakipeleka kwenye viwanja vya mapambano: picha ya vijiwe iliyofukuliwa Zliten, Libya, inaonyesha kinanda kikilia kando ya wapiganaji.

Kanisa lilikuja baadaye. Mwaka 757 Kaisari Konstantino V wa Bizanti alimpelekea Pipino, mfalme wa Wafaranki, kinanda kama zawadi ya kidola, na polepole watawa wa Ulaya wakakifanya chao. Kisha, karne ya 16, Waprotestanti wa Kikalvini huko Uholanzi wakakitilia shaka. Kilichookoa vinanda vingi ni kwamba miji ilivihesabu kuwa mali yake. Sweelinck, mpigaji wa kanisa la Oude Kerk mjini Amsterdam, alilipwa na mji, akawapigia wananchi nje ya saa za ibada. Mji wa Haarlem, nchini humo humo, ulikamilisha kinanda kikubwa cha fundi Christian Müller mwaka 1738. Mozart alikipiga akiwa na miaka 10.

Lakini mji ninaouheshimu kuliko yote ni Lübeck, Ujerumani. Buxtehude, aliyeshika kinanda cha kanisa la Mtakatifu Maria mwaka 1668, aliendeleza maonyesho ya muziki yaliyogharimiwa na wafanyabiashara, na maskini na tajiri wakaingia bure. Mwaka 1705 Bach, kijana wa miaka 20, aliomba ruhusa kazini Arnstadt, akatembea takriban kilomita 400 kwenda kumsikiliza. Alipewa wiki nne, akakaa miezi. Wakuu wake walimkaripia. Sisi tunaoufaidi muziki wake hatuna budi kuwashukuru wale wafanyabiashara.

Utaratibu ule ule ulivuka bahari. Tarehe 31 Desemba 1914, ndugu John na Adolph Spreckels, wana wa tajiri wa sukari, waliukabidhi mji wa San Diego, Marekani, kinanda kilichojengwa nje kabisa, katika bustani ya Balboa, ili watu wasikilize chini ya anga. Leo kina mabomba zaidi ya 5,000, makubwa yakikaribia mita 10 na madogo yakiwa kama penseli. Kila Jumapili saa nane mchana kinapigwa bila kiingilio. Mwaka 1988 wapenzi wake waliunda chama, na chama hicho huandaa tamasha la kimataifa la jioni za Jumatatu wakati wa kiangazi. Wapigaji hutoka nchi mbalimbali, familia hukaa kwenye viti vya wazi, na gharama hubebwa na wanachama na wafadhili ili mlango usiwekewe bei.