Kutu ya mahindi: namna ya kuitambua, na lini upige dawa

Msikilizaji, swali linalorudi kila msimu kwenye kipindi cha wakulima ni hili: majani ya mahindi yameota vumbi jekundu, nipige dawa gani? Kabla ya kukimbilia duka la pembejeo, hakikisha kwanza kama ni kutu.

Pitisha kidole au kitambaa cheupe juu ya jani. Kama ni kutu, kitatoka na unga wa kahawia au wa chungwa. Unga huo ndio mbegu za ukungu wenyewe, na upepo huzibeba hadi mashamba ya mbali. Ugonjwa wa madoa ya kijivu hautoi unga, na madoa yake yana kingo zilizonyooka kana kwamba yamechorwa kwa rula. Ugonjwa wa milia nao hautoi unga, huacha mistari ya njano iliyokatikakatika.

Kutu za mahindi ziko mbili. Ile ya kawaida hupenda ubaridi na unyevu, nyuzi joto 16 hadi 25, kwa hiyo wakulima wa Njombe, Makete na milima ya Mbeya wanaifahamu. Vipele vyake ni virefu kidogo, vya kahawia, na utavikuta juu na chini ya jani.

Ya pili inaitwa kutu ya kusini. Jina lisikuchanganye, kusini hapo ni ya Marekani, si ya kwetu. Hii hupenda joto, nyuzi 25 kwenda juu. Vipele vyake ni vidogo, vya mviringo, rangi ya chungwa, vimesongamana zaidi upande wa juu wa jani. Iliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 1949, na miaka michache baadaye ilikuwa imefika Afrika Mashariki. Ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu hukausha majani haraka, na punje hubaki nyepesi.

Sasa pesa yako. Dawa ya viwavijeshi haiui kutu hata ukipiga mara tatu, maana kutu ni ukungu, si mdudu. Mwambie muuzaji unataka dawa ya ukungu iliyosajiliwa kwa mahindi, usome kibandiko, na uangalie siku za kusubiri kabla ya kuvuna au kulisha ng'ombe majani. Anayependa mahindi ya kuchoma azizingatie sana siku hizo.

Je, upige? Ingia shambani, kagua mimea 10 katika sehemu tano tofauti. Angalia hasa jani linaloshika hindi na yale ya juu yake, kwani hayo ndiyo yanayolisha punje kwa sehemu kubwa. Vipele vichache kwenye majani ya chini si sababu ya kununua dawa. Lakini vikiwa vinapanda juu wakati mahindi yanakaribia kutoa mbelewele, na mvua au umande hauishi, muone afisa ugani mapema. Kipele kipya hutoa unga wake ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo kusubiri ni hatari. Mahindi yakishakomaa punje, acha. Dawa haitakurudishia kitu.

Kwa msimu ujao, mbegu inayovumilia kutu ni nafuu kuliko dawa. Uliza muuzaji au kituo cha utafiti cha TARI Uyole ipi inafaa ukanda wako. Panda mvua za kwanza, kwa sababu mahindi ya kuchelewa hukutana na ukungu ulioshamiri kwa majirani.

Halafu kuna vinyungu. Kutu huhitaji mmea ulio hai, haikai kwenye mabua makavu, kwa hiyo kuchoma mabua hakusaidii. Mahindi ya bondeni wakati wa kiangazi ndiyo yanayoweza kuilea hadi mvua zinaporudi. Hatusemi uache kulima bondeni, ila ng'oa maotea, na ukiona vumbi huko mwezi wa kumi, anza kukagua shamba la juu mapema.