Asili na Maana za Kitenzi "Give up"

Kitenzi cha Kiingereza "give up" hufasiriwa mara nyingi kwa neno moja tu, "acha". Historia yake yaonyesha kwamba neno hilo halitoshi.

Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormandi hawajaiteka nchi ya Uingereza mwaka 1066, maana ya kitenzi iligeuzwa aghalabu kwa kiambishi cha mwanzo. Mathalani, "giefan" ni kutoa, na "ofgiefan" ni kuacha au kuondoka mahali. Viambishi vingi vya namna hiyo vilififia, na vielezi kama "up" na "out", vyenye kusimama mbali na kitenzi, vikatwaa kazi hiyo.

Tarikhi ya watawa wa Peterborough, katika sehemu iliyoandikwa yapata mwaka 1155, yakitumia kitenzi hiki katika habari za Mfalme Stephen. Mwaka 1139 mfalme huyo aliwakamata Roger, askofu wa Salisbury, na Alexander, askofu wa Lincoln, akawafunga mpaka walipotoa ngome zao. Hapa pana mtoaji, kitu kitolewacho, na mpokeaji. Kiswahili chake ni "kusalimisha". Baadaye kitenzi kilitumika pasipo mpokeaji: mtu aliyeiacha tumbaku hakumkabidhi mtu. Hapo ndipo "kuacha" lifaapo. Hatimaye hata kitu chenyewe huweza kukosekana, ikabaki "he gave up", yaani alikata tamaa.

Tofauti hizi si za anasa. Shahidi mahakamani akisema "he gave himself up", maana yake mshtakiwa alijisalimisha kwa polisi. Mkalimani akisema "alijitolea", amempa mshtakiwa sifa asiyostahili. Akisema "alikata tamaa", amekificha kitendo chenyewe.

Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kuonya kwamba vitenzi vya namna hii huwatatiza mno wageni. Basi mtunzi wa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili yampasa aulize kwanza: je, yupo mpokeaji? Kisha: je, kipo kitu? Akipanga maana kwa maswali hayo mawili, "salimisha", "acha" na "kata tamaa" zitapata kila moja mahali pake.