Ukuta wa mwamba katika akwaria

Ukuta wa mwamba ni bamba lenye nyufa, vipenu na mapango linalobandikwa ndani ya akwaria, kwenye kioo cha nyuma, ili kuiga mwamba wa ziwani au mtoni. Anayeutengeneza nyumbani hutumia zaidi polistairini, lile povu gumu jeupe linalokinga televisheni na friji ndani ya maboksi, akalichonga na kulipaka saruji. Viwanda vya Ulaya huuza kuta zilizo tayari za poliurethani au resini. Wapo pia wanaobandika picha ya karatasi nje ya kioo. Picha humpendeza mtazamaji, lakini samaki haimpi mahali pa kujificha, pa kutagia wala pa kulinda kama eneo lake, na hayo ndiyo yanayoufanya ukuta ustahili kazi yake yote.

Samaki wanaoufaidi zaidi ni wa kwetu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha hadi mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya sato na perege, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wengi wao hukaa kwenye miamba ya ufukweni. Wamekuwa wakisafirishwa hai kutoka Burundi, Tanzania na Zambia hadi katika nyumba za wafugaji wa Ulaya na Marekani. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyefanya biashara hiyo Burundi, alitoa mwaka 1989 kitabu kikubwa juu ya samaki wa ziwa hilo. Ziwa Nyasa nalo lina kundi lake la samaki wa miambani, mbuna, ambao upande wa Tanzania huonekana sehemu kama Mbamba Bay na Liuli.

Anayetaka kuchonga vizuri aanze kwa kuuliza samaki wake anautumiaje mwamba. Tropheus duboisi, ambaye akiwa mchanga ni mweusi mwenye madoa meupe, hushinda akikwangua mwani uliofunika mawe. Yeye anahitaji uso mpana, wenye mkwaruzo, unaopata mwanga ili mwani uote. Julidochromis ni mwembamba na mrefu, hujipenyeza katika ufa na kubandika mayai kwenye kuta za pango lake. Altolamprologus compressiceps ana mwili uliobanwa ubavuni, na ubapa huo humwezesha kufuata windo mahali ambapo samaki mnene hawezi kuingia. Kwa hiyo upana wa ufa ni jambo la kufikiriwa kabla ya rangi. Nyufa za sentimita 2 hadi 4 huwafaa wengi wa samaki hawa wadogo. Pango linalozidi kuwa jembamba kadiri linavyoingia ndani ni mtego: samaki akifukuzwa hukwama humo, akafa, akaoza bila kuonekana. Pango liwe na milango miwili, au liwe fupi kiasi cha mkono kufika mwisho wake.

Umbo la mwamba nalo hutofautiana. Sehemu za ufukwe wa Kigoma zina mawe ya tabaka, yenye kingo kali na rafu zilizolala. Liuli inajulikana kwa mawe makubwa yaliyosimama majini. Wajerumani waliipa jina Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba mmoja wenye umbo la sanamu ya Sphinx ya Misri. Ukuta wenye matabaka upande mmoja na mawe ya mviringo upande mwingine hauaminiki, hata kwa mtu asiyejua sababu. Afadhali kuchagua ufukwe mmoja, kutafuta picha zake zilizopigwa chini ya maji, na kuufuata. Kwa kuwa taa iko juu, kipenu kinachotokeza sentimita chache huleta kivuli kilicho halisi kuliko chochote kinachoweza kupakwa kwa brashi.

Polistairini hukatwa kwa msumeno au kisu, kisha hukwanguliwa kwa brashi ya waya na kumegwa kwa vidole ili isibaki na mistari iliyonyooka. Baadhi ya mafundi huichoma ili uso wake unywee. Moshi wake una sumu, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike nje, upepo ukimpiga mtu mgongoni. Gundi na rangi zenye petroli, tina au asetoni huiyeyusha. Inayofaa ni silikoni halisi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni nyingi za bafuni zina dawa hiyo, nayo hudhuru samaki.

Jambo linalopuuzwa mno ni nguvu ya maji ya kuliinua povu. Bamba la sentimita 100 kwa 50 lenye unene wa sentimita 5 lina ujazo wa lita 25, wakati lenyewe halifiki hata kilo moja. Likizamishwa lote, maji hulisukuma juu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 24. Saruji ya nusu sentimita juu ya uso huo hupunguza takriban kilo 3 tu za msukumo huo. Silikoni iliyowekwa kwa matone haba itaachia, na ukuta utaibuka pamoja na mawe yaliyouegemea, na hapo kioo kinaweza kuvunjika. Upande wa nyuma wa povu uachwe bila saruji, kioo kisafishwe kwa spiriti, akwaria ilazwe chali, silikoni izungushwe kingo zote bila kukatika na katikati pia, kisha bamba likandamizwe kwa uzito. Usitie maji kabla ya siku kadhaa, maana silikoni iliyofunikwa hukauka polepole. Kingo zilizozibwa huzuia pia samaki wadogo kupotelea nyuma ya ukuta.

Akwaria nyingi zina mihimili ya kioo juu, na bamba zima halipiti. Likatwe vipande kwa kufuata mstari wa ufa uliochongwa, ili kiungo kisionekane. Hesabu pia maji yanayopotea: katika akwaria ya lita 250 yenye vipimo vya sentimita 100 kwa 50 kwa 50, ukuta wenye wastani wa sentimita 7 huchukua lita 35, na idadi ya samaki lazima ipungue.

Kabla ya kubandikwa, vipande hupakwa saruji, na ile ya kawaida ya Portland inatosha. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kama uji wa kunywa, upenye kila tundu. Mikono miwili au mitatu inayofuata iwe mizito, na wa mwisho uongezwe mchanga laini. Kila mkono unyunyiziwe maji kwa siku nzima usikauke haraka, la sivyo utapasuka. Rangi ya unga ya oksidi ya chuma, ile ya kusakafia, huchanganywa humo humo. Kahawia na kijivu zinatosha, kwa kuwa mwani utafunika sehemu kubwa.

Saruji mpya inaweza kuyapandisha maji hadi pH 12 au zaidi, kiwango kinachoua samaki yeyote. Vipande vilowekwe kwenye pipa vikiwa vimekandamizwa kwa mawe, maji yabadilishwe kila baada ya siku 2 au 3, kwa wiki kadhaa. Maji ya Tanganyika yana pH karibu na 9 na ya Nyasa karibu na 8, hivyo chokaa kidogo inayoendelea kutoka haiwasumbui samaki wa huko. Samaki wa Amazon waliozoea maji laini yenye asidi, kama diskasi, hawapatani na ukuta wa saruji tupu. Wao wapewe uliofunikwa kwa epoksi isiyo na sumu.

Kabla ya kutia samaki, jaza maji, yaache siku 3, upime. Kama pH imepanda mno kupita ile ya maji uliyotia, mwaga, jaza tena, usubiri.